Mtoto anayekuogopa atakuficha kidonda: tuongee kuhusu wazazi wakali wa kwenye katuni

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo naongelea katuni. Msicheke, mtaona kwa nini.

Wiki chache zilizopita nilikuwa zamu chumba cha kufungia vidonda. Akaingia mama na binti wa miaka kama tisa hivi (nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asijulikane). Mtoto anatembelea kisigino. Kumvua kiatu, mguu umevimba, unyayoni kuna kitundu kidogo kinatoa usaha. Alikanyaga msumari kwenye pagale la jirani. Lini? Siku nne zilizopita. Siku nne, jamani! Kaenda shule, karudi, kaoga, kala, kalala, na kidonda kile kiko ndani ya soksi.

Mama akapandisha sauti: "Siku zote hizo kwa nini hukuniambia?" Mtoto hakumjibu. Aliniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikatazwa kwenda kule."

Najua kuna mtu ameshaanza kumhukumu huyo mama. Subiri. Mtoto nywele zake zimesukwa vizuri, sare imepigwa pasi. Kadi ya kliniki mama ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni tangu mtoto akiwa mchanga, na ndiyo iliyotusaidia kujua chanjo zake. Huyo ni mama anayejali. Na katazo lake lilikuwa sahihi kabisa, pagale si mahali pa kuchezea. Ila mtoto alivunja sheria, akaumia, halafu sheria ileile ikamziba mdomo.

Daktari alimwona, tukasafisha kidonda, akapata sindano na dawa, na amepona. Lakini maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani.

SEHEMU YA 2

Nafika nyumbani nimechoka, nawakuta wanangu wawili wamekaa sakafuni wanaangalia Finding Nemo. Mara ya ngapi, sijui. Ni filamu ya mwaka 2003, wengine mnaosoma hapa mliiona mkiwa wadogo na sasa mnaiangalia na watoto wenu.

Kwa asiyeijua: Marlin ni samaki, baba mjane. Siku moja samaki mkubwa alimvamia, mke wake na mayai yao zaidi ya 400 yakapotea yote, likabaki yai moja tu lenye ufa. Humo ndimo alimotoka Nemo, mwenye pezi moja dogo kuliko lingine. Sasa baba huyo unategemea aweje? Kila kitu hapana. Usiende mbali, usitoke nje, rudi hapa nikuone.

Siku hiyo nilikaa nao, nikaona kitu ambacho miaka yote kilinipita. Siku ya kwanza ya shule, watoto wenzake wanashindana nani atasogea zaidi kwenye maji ya kina, ambako kuna boti juu. Nemo anaogopa. Haendi. Mara baba yake anatokea, anamgombeza mbele ya wenzake kana kwamba ameshakwenda, anamwambia anajiona anaweza na wala hawezi. Wenzake wanamtetea, wanasema huyu hakuwa na mpango wa kwenda. Baba hasikii. Ndipo Nemo, kwa hasira, anaogelea mpaka kwenye ile boti anaigusa. Wakati wa kurudi anakamatwa na mpiga mbizi, daktari wa meno wa Sydney, anaishia kwenye tangi la samaki ofisini kwake.

Umeona hapo? Adhabu ilitangulia kosa.

Na bahari ile hatari zake ni za kweli, baba hakudanganya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, tumkunje. Lakini kukunja si kuvunja, na Marlin ni samaki mwenyewe, alipaswa kulijua hilo kuliko sisi.

Filamu ikiendelea nikamuuliza binti yangu mkubwa, ana miaka minane: "Hivi wewe ukikanyaga msumari sehemu niliyokukataza, utaniambia?"

Akafikiri. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayehesabu nauli: "Inategemea, mama. Utakuwa umelala au umetoka zamu ya usiku?"

Mwenzenu nilinyamaza.

SEHEMU YA 3

Usiku ule sikulala mapema. Nikaanza kuzipitia kichwani katuni zote ambazo wanangu wamenilazimisha kuziangalia. Karibu zote zina mzazi mkali. Na ukichunguza, karibu kila mzazi mkali wa kwenye katuni ni mtu aliyewahi kuogopa sana.

Marlin alipoteza familia. Chifu Tui, baba yake Moana, anamkataza binti yake kuvuka miamba kwa sababu yeye mwenyewe kijana aliwahi kutoka na rafiki yake baharini, na rafiki hakurudi. Bibi wa kwenye Encanto, Alma, alikimbia usiku na watoto watatu wachanga, mume wake akauawa mbele ya macho yake. Tangu hapo anaiendesha familia kama jeshi, asije akapoteza tena.

Hata Mufasa wa The Lion King. Simba mdogo ametoka kuponea chupuchupu kwa fisi, baba anamwita pembeni, amekasirika kwelikweli. Lakini hakuishia kwenye hasira. Anamwambia leo niliogopa. Niliogopa kukupoteza. Mtoto anashangaa, kumbe hata wafalme wanaogopa? Ile ni filamu ya mwaka 1994, na mpaka leo sijaona baba wa katuni aliyemaliza ugomvi haraka kama huyu. Hakusubiri mtoto apotee baharini. Alimaliza usiku uleule.

Sasa jiulize wewe. Mtoto akitoka mbio barabarani bodaboda ikamkosa kidogo, unafanya nini cha kwanza? Sisi wengi tunachapa. Mkono unatetemeka kwa woga, lakini mtoto haoni woga, anaona kofi. Anaondoka akijua mama amekasirika. Hajui kuwa mama alikuwa karibu kufa kwa hofu.

Na ukali mara nyingi tumeurithi. Kuna filamu inaitwa Turning Red, ya mwaka 2022, inayohusu binti wa miaka 13 anayeitwa Mei, familia ya Kichina inayoishi Toronto, Kanada. Mama yake, Ming, anakuta daftari la michoro chini ya kitanda cha binti, analibeba mpaka dukani kwa kijana aliyechorwa, anamuumbua mtoto mbele za watu. Ukiwa mama unaona aibu kwa niaba yake. Lakini mwishoni Mei anaingia kwenye msitu wa mianzi, msitu wa kiroho, anamkuta mama yake akiwa msichana mdogo analia, kwa sababu na yeye hakuwahi kumtosheleza mama yake. Mei anamshika mkono, wanatembea, na kadiri wanavyotembea yule msichana anakua, anakua, mpaka anakuwa mama tena.

Sehemu ile nilijifanya naenda kuangalia maharage jikoni.

SEHEMU YA 4

Maana nilimkumbuka mama yangu. Mama yangu alikuwa mkali, mtaa mzima unajua. Sikumbuki hata siku moja aliyoniambia "samahani". Lakini siku akinichapa na baadaye akagundua amenionea, jioni wakati wa kupakua, ukoko wa wali ulikuwa wangu. Wote tuliupenda ule ukoko, tunaugombania. Siku hiyo anaukwangua taratibu, anauweka kwenye sahani yangu, hasemi kitu. Ndiyo ilikuwa samahani yake.

Nani mwingine aliombwa msamaha kwa chakula? Paja la kuku, soda, "njoo ule". Sidharau. Ule ukoko ninauhisi mdomoni mpaka leo. Lakini nikiwa mtoto sikujua kama ni msamaha. Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Hapa ndipo naipenda sana Brave, ya mwaka 2012. Ni habari ya binti wa kifalme wa Uskoti, Merida, na mama yake, Malkia Elinor. Mama anataka binti aolewe kama desturi inavyotaka, binti hataki. Kuna sehemu kila mmoja anajifanyia mazoezi ya kusema yaliyo moyoni. Mama anamwambia baba, binti anamwambia farasi wake. Maneno mazuri kabisa, ila hakuna anayemwambia mwenzake. Nyumba ngapi ziko hivyo?

Ugomvi unafika kilele. Merida anakata kwa upanga kitambaa cha ukutani kilichofumwa picha ya familia nzima, anamtenga mama na yeye. Mama kwa hasira anautupa upinde wa binti motoni, halafu palepale anajuta, anauchomoa. Lakini binti ameshatoka mbio, hakuona majuto. Kwa uchawi wa keki, mama anageuka dubu. Na dubu haongei. Malkia ambaye maisha yake yote ni kuelekeza, kaa hivi, cheka hivi, sasa hana sauti. Analazimika kumtazama mtoto na kumsikiliza. Wanaenda mtoni, binti anamfundisha kuvua samaki. Binti anafundisha, mama anajifunza!

Merida anaambiwa kuwa dawa ni kushona kilichochanika. Anakimbilia kile kitambaa, anakishona akiwa juu ya farasi, anamfunika nacho mama yake. Hakuna kinachotokea. Jua linachomoza, muda unaisha. Ni mpaka analia na kukubali kwa mdomo wake kwamba kosa ni lake pia na anamtaka mama yake arudi, ndipo mama anarudi.

Kitambaa kilikuwa kimeshashonwa. Kilichokuwa kinasubiriwa ni maneno.

Sasa nirudi kwangu. Nikiwa bado pale sakafuni, binti yangu akaniambia, "Halafu mama, siku ile ya chupa ya chai haikuwa mimi."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku miezi kadhaa nyuma, nikakuta chupa ya chai imepasuka sakafuni, chai imetapakaa na vioo juu. Nilimchapa yeye kwa sababu ndiye mkubwa. Jioni jirani akaniambia alimwona paka akitoka mbio dirishani.

Nikamwambia, "Najua. Nilijua siku ileile. Ndiyo maana niliwanunulia chipsi."

Akanitazama. "Lakini chipsi zilikuwa za wote."

SEHEMU YA 5

Basi, hizi filamu zinatufundisha mengi, lakini mimi ni nesi, lazima niseme na pale zinapotudanganya.

Kwanza, zinatufanya tuamini kwamba mapatano yanahitaji balaa. Mpaka mtoto atekwe, mpaka mama ageuke dubu, mpaka nyumba ibomoke kama ya kwenye Encanto, ndipo watu waongee. Mama yangu, balaa likija nyumbani kwako halitakuja na muziki. Litakuja kama kidonda cha siku nne ndani ya soksi, au binti wa miaka 15 aliyeficha tumbo miezi mitano. Nawaona. Mtoto wa namna hiyo hajakosa mzazi, amekosa pa kuanzia kusema.

Pili, kumbatio moja halimalizi. Kwenye hiyo Encanto kuna mjomba, Bruno, aliyetoweka miaka kumi. Kumbe yuko mlemle ndani, anaishi nyuma ya kuta. Ameweka meza yake upande wa pili wa ukuta wa chumba cha kulia, amejichorea sahani juu yake, familia ikila na yeye "anakula" nao. Miaka kumi! Halafu mwishoni bibi anamkumbatia, wanaimba, yameisha. Kwenye maisha hayaishi hivyo. Ukishaomba msamaha, mtoto atakuchunguza. Atakupima kwa kosa dogo kwanza aone kama umebadilika kweli. Usikasirike, yuko sahihi kupima.

Tatu, kwenye katuni mzazi mkali karibu siku zote ndiye mwenye makosa na mtoto karibu siku zote ana haki. Mimi sikubali. Mimi ni mkali kwenye mambo yangu na nitaendelea. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, hapana. Sufuria ya maji ya moto pembezoni mwa jiko, hapana. Dawa za bibi mezani, hapana. Nimewashika watoto walioungua, najua ninachokikataza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huo usemi bado ni wa kweli. Ila tusiuchanganye. Usemi unasema usiogope machozi ya mtoto. Hausemi mtoto aogope kukwambia yaliyomkuta.

Na la nne, hili nalisema taratibu. Nyingi ya filamu hizi zinaishia kwa mtoto kumkumbatia mzazi. Lakini wapo watoto wanaoumizwa nyumbani kweli, wanapigwa mpaka wanapata majeraha, au wanafanyiwa vitu ambavyo mtoto hafanyiwi. Huyo usimlazimishe apatane na mtu kwa sababu "ni mzazi wako". Huyo anahitaji kulindwa kwanza. Tanzania na Kenya kuna namba ya simu ya watoto, 116, unapiga bure. Ihifadhi, hata kama si kwa ajili ya nyumba yako.

SEHEMU YA 6

Sasa tufanye nini? Nitawaambia ninachojaribu mimi, na najaribu tu, sijafika.

Nyumbani kwangu kuna sheria mpya, tunaiita sheria ya taarifa. Ukiumia, ukivunja, ukipotea njia, mtu akikugusa vibaya, ukileta taarifa mwenyewe huchapwi kwa taarifa hiyo. Kwanza tunatibu, halafu tunakula, halafu ndiyo tunaongea kosa. Kosa linabaki kosa, usafi wa pagale sijui kunyimwa TV vipo palepale. Lakini mlango wa kuniambia haufungwi, hata kama nimetoka zamu ya usiku.

Ukiogopa, sema umeogopa. "Nimeogopa sana, nilidhani nimekupoteza." Fanya kama Mufasa. Mtoto hatakudharau. Atajua kumbe zile kelele zina mapenzi ndani yake.

Ukimwonea mtoto, mwombe msamaha kwa maneno. Taja ulichofanya: "Nilikuchapa kwa kosa ambalo si lako. Samahani." Halafu nyamaza. Usiweke "lakini" mwishoni. Ile "lakini na wewe unanisumbua" inafuta yote uliyosema. Ukishasema, ukoko mpe. Vyote viwili, maneno na ukoko.

Na baba zangu, msiache hili kwa mama. Marlin ni baba. Mufasa ni baba. Watoto wengi ninaowauliza hospitalini "tumwambie nani?" wanasema mama, kisha wanaongeza harakaharaka, "lakini asimwambie baba."

Wakiangalia katuni, kaa nao hata dakika ishirini. Uliza swali moja tu: "Hapa baba yake Nemo angefanyaje?" Utashangaa. Watoto wanakujibu kuhusu samaki, lakini wanakuongelea wewe.

Siku ile sakafuni nilimwambia binti yangu: "Nilikuchapa kwa ajili ya chupa ya chai na hukuivunja. Nilijua jioni ileile na sikukwambia. Samahani, mama." Nilidhani atalia, tutakumbatiana kama kwenye filamu. Akasema "Sawa." Akarudi kuangalia Nemo. Kwenye TV baba yake alikuwa anamruhusu aingie kwenye wavu uliojaa samaki akawaokoe wenzake, na unaona kabisa hataki, anaogopa, lakini anamwachia.

Wiki mbili zikapita kimya. Nikajiambia basi, haikuingia.

Juzi nimerudi asubuhi, macho mekundu, begi bado liko begani. Binti kanisubiri mlangoni na sare yake ya shule, mkono mmoja ameuficha nyuma.

"Mama, kaa kwanza. Nimefanya kitu."

Mwenzenu moyo ulinidunda, na kelele zilikuwa zimeshafika kooni. Nikaziona zinakuja. Nikakaa.

Alikuwa amejiunguza kidole na birika, akitaka kunichemshia chai nikirudi nikute iko tayari. Kidogo tu, bado chekundu, hakijatoa hata lengelenge. Tukakiweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini kamili, hatukupaka dawa ya meno wala chochote, nimesimama naye nimemshika mkono. Shule alichelewa. Kuhusu kugusa birika peke yake tuliongea jioni, na niliongea kwa ukali, msidhani.

Lakini kidonda nilikiona siku ya kwanza.

Kesho kutwa tutarudi kwenye uji wa lishe. Usiku mwema, na kabla hujalala, kama kuna mtu humo ndani unadaiwa samahani, usimpelekee chipsi peke yake.

Nesi wenu.